Uliza Fundi: Tivi Gani Inafaa Nyumba Yangu na Pesa Yangu?

Barua karibu zote za mwezi huu zinauliza kitu kimoja, tivi. Kuna wanaotaka kuachana na ile ya chogo iliyozeeka, kuna waliohamia nyumba mpya, kuna waliochoka kulipia mpira kibandani kila wikiendi. Nimechagua chache ambazo jibu lake litasaidia wengi, na pale ninapoona watu wanapoteza pesa bure nimejibu kwa kirefu, maana inaniuma sana mtu kujinyima miezi na miezi alafu anauziwa maneno yaliyoandikwa kwenye katoni.

Fundi habari za kazi. Niko Busia, upande wa Uganda, nauza nguo, nina mke na watoto watatu. Dukani wananionyesha inchi 43 mbili, moja 4K na nyingine Full HD, ya 4K imezidi kama laki mbili na nusu. Muuzaji anasema nikichukua ya bei ya chini nitajuta. Kutoka ukutani mpaka makochi ni kama mita mbili na nusu. Nichukue ipi?

Kaka chukua ya Full HD, na hiyo laki mbili na nusu ibaki mfukoni mwako, nitakuambia ya kuifanyia.

Picha ya tivi ni vinukta vidogo vidogo. Full HD ina 1920 kwa 1080, jumla kama milioni 2, na 4K ina 3840 kwa 2160, jumla milioni 8 na kidogo. Ni mara nne kweli, hapo muuzaji hajadanganya. Lakini jicho nalo lina mwisho wake. Tivi ya inchi 43 upana wake ni kama sentimita 95, ukizigawa kwa vinukta 1920 kila kimoja ni kama nusu milimita, na ukishakaa mbali kupita mita 1.7 hivi jicho zima la mtu mzima haliwezi tena kuvitenganisha. Wewe unakaa mita mbili na nusu! Ili ufaidi 4K yote kwenye hiyo 43 itabidi ulete kiti mpaka chini ya mita moja, na hakuna mtu anaangalia mpira hivo na watoto wamejazana pembeni.

Alafu jiulize hiyo picha ya 4K utaitoa wapi. Chaneli za antena na za dekoda nyingi ni picha ya kawaida au HD, na filamu za flashi zilizotafsiriwa na maveejay mara nyingi hazifiki hata Full HD. Kwa hiyo ungelipia kitu ambacho hakiingii ndani ya nyumba.

Kwa umbali wako hata inchi 50 au 55 zingekaa vizuri tu, kwa hiyo siku ukipata pesa ya kuongeza ongeza inchi, na ukifika huko juu karibu zote zinakuja na 4K yenyewe bila wewe kuitafuta. Lakini kwa 43, hapana.

Sasa ile laki mbili na nusu. Kitu cha kwanza nunua TV guard nzuri, kile kiboksi kinachokaa kati ya soketi na tivi, umeme ukipanda au ukishuka kinakata, na ukirudi kinasubiri kwanza utulie ndio kinaruhusu. Tivi nyingi hazifi kwa uzee, zinakufa ile dakika umeme unarudi. Na mvua ya radi ikianza usitegemee guard peke yake, chomoa waya wa umeme na waya wa antena pia, wengi wanasahau antena na radi inapita hapohapo.

Kabla ya kulipa, iwashwe dukani. Simama mbele, alafu nenda pembeni kabisa, uchuchumae pia kama mtoto aliyekaa kwenye mkeka. Kuna paneli ambazo ukitoka katikati tu rangi zinafifia na nyeusi inakuwa kijivu, na nyumba ya watu watano haikai wote katikati. Hiki kwangu ni kikubwa kuliko 4K. Waambie wakuwekee picha nyeupe tupu, utaona madoa na vinukta vilivyokufa, alafu nyeusi tupu uone kama mwanga unavuja pembeni. Hesabu matundu ya HDMI, yale ya kuchomekea dekoda na vifaa vingine, yawe mawili au zaidi. Uliza kama ndani ina DVB-T2, huo ndio mfumo wetu tangu mitambo ya analogi ilipoanza kuzimwa mwaka 2015, tivi ikiwa nayo unachomeka antena unapata chaneli za bure bila dekoda.

Na kwenye boda au taksi isafiri imesimama. Usiilaze hata kidogo, kioo chake ni chembamba sana na kinapasuka kwa uzito wake chenyewe barabara ikiwa mbaya.

Mimi nakaa muzigo hapa Katwe, chumba kimoja, Yaka (umeme wa kulipia kabla) naweka mwenyewe na pesa ni ya kubana. Nataka tivi ndogo lakini rafiki zangu wanasema siku hizi ukinunua isiyo smati, yaani isiyoingia intaneti yenyewe, umenunua ya zamani. Naangalia zaidi filamu na tamthilia, intaneti natumia ya simu.

Dada yangu, inchi 32 inakutosha kabisa, kitandani mpaka tivi kwenye muzigo haizidi sana mita mbili. Tena 32 nyingi ni HD ya 1366 kwa 768, usiogope, kwa ukubwa huo na kwa filamu unazoangalia picha ni safi. Ya 43 kwenye muzigo inakula ukuta na inakula Yaka. Hesabu ya Yaka ni rahisi, soma wati nyuma ya tivi, zidisha kwa masaa, gawa kwa 1000 unapata yuniti. Ya 32 inakula kama wati 40, ukiangalia masaa matano kwa siku ni yuniti 6 tu kwa mwezi, ya 43 ikila wati 80 ni yuniti 12. Kwako wewe hizo sita ni pasi na taa.

Kuhusu smati, rafiki zako hawajakosea lakini hawajapiga hesabu ya bando. Netflix yenyewe inasema picha ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa na HD inafika GB 3 kwa saa, sasa wewe wa hotspoti ya simu filamu moja ya masaa mawili kwa HD ni GB 6, utaweza kila siku? Kama huna waifai ya kulipia mwezi mzima basi smati itakaa tu pale kama pambo. Na kitu kingine, ule upande wa smati ndio unaozeeka haraka, baada ya miaka michache programu zinaacha kupata sasisho na tivi inakuwa nzito, wakati kioo bado kizima. Ndio maana napenda mtu wa pesa ndogo anunue tivi ya kawaida yenye kioo kizuri, siku ukipata waifai unachomeka kiboksi au kistiki cha smati kwenye HDMI unaendelea, kikizeeka unabadili hicho tu.

Ukiamua smati, basi iwe smati kweli. Kuna tivi za bei ya chini zimeandikwa Android lakini hazina idhini ya Google, Play Store yake haieleweki na Netflix inagoma. Ijaribu palepale kwa hotspoti yako mwenyewe, fungua YouTube, fungua Netflix, usikubali "utaweka nyumbani".

Kwa filamu za flashi, nenda na flashi yako dukani na filamu unazozipenda, uone tivi inazifungua zote na sauti inatoka. Na faili ikipita GB 4 haiingii kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, hapo ubovu sio wa tivi wala wa flashi, mwambie kijana wa kibanda aifomati NTFS au exFAT, lakini hakikisha kwanza tivi yako inasoma hiyo.

Asalaam alaikum mwanangu. Niko Yumbe, umeme wa waya haujatufikia. Tuna sola ya wati 80 na betri moja ya asidi, 12V na Ah 50, inawasha taa nne na kuchaji simu. Watoto wanalia tivi. Kuna mtu anatuuzia inchi 32 ya umeme wa kawaida pamoja na invata, kile kiboksi cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida. Itafanya kazi?

Waalaikum salaam mama yangu. Itawaka, lakini itakuua betri, na betri ni ghali kuliko furaha ya wiki mbili. Tupige hesabu pamoja.

Betri yako ina 12 mara 50, yaani wati-saa 600. Ila ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, ukiishusha kila siku haimalizi mwaka vizuri, kwa hiyo za kutumia ni 300. Taa nne za wati 5 zikiwaka masaa matano zinakula 100, zimebaki 200, bado simu. Tivi ya 32 ya umeme wa kawaida tuseme wati 45, invata inajipotezea zake inafika kama 55, ukiongeza dekoda wati 10 umefika 65. Masaa matatu tu, 195. Imeisha. Na kesho yake kukiwa na mawingu paneli ya wati 80 haiwezi kurudisha, hata siku ya jua zuri ukitoa hasara inaingiza kama 250 hivi.

Tafuta tivi ya DC, yaani ya umeme wa betri moja kwa moja, ya 12V, zinauzwa na watu wa sola. Inchi 24 inakula kama wati 18, haihitaji invata, na ikiwa na DVB-T2 ndani yake haihitaji dekoda. Masaa manne ni kama 72, ukijumlisha na taa ni 172, betri inabaki na nguvu ya simu na ya siku ya mawingu. Watoto wataangalia na taa hazitazimika mtu akiwa bado anasoma.

Mambo mawili ya kuangalia mama. Betri inapochajiwa inapanda mpaka 14.4V, kwa hiyo tivi iwe imeandikwa kwamba inavumilia zaidi ya 12, kuna nyingine zimetengenezwa kwa adapta tu na zikifungwa moja kwa moja kwenye betri zinaungua. Ifungwe kupitia kontrola, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri, sio kwenye vichwa vya betri, na waya uwe mnene na mfupi. La pili, kabla ya kununua uliza jirani mwenye antena anapata chaneli ngapi, kama hapati kitu basi antena haitakusaidia na wewe itabidi upige hesabu upya na dishi.

Kijana wangu, mwanangu yuko Marekani anarudi Kasese likizo, anataka kuniletea tivi kubwa. Nimkubalie?

Mzee wangu, mwambie atume pesa ununue hapa. Umeme wa kule ni 120V na wetu ni 240V, kama nyuma ya tivi haijaandikwa 100–240V ukiichomeka inaungua hapohapo. Hata ikivumilia, urushaji wao ni ATSC na wetu ni DVB-T2, antena yako haitapata chaneli hata moja, itafanya kazi na dekoda kwa HDMI basi. Na waranti haivuki bahari.

Niko Bombo. Nimepata tivi yenye jina kubwa kwa bei ya nusu mtaani Kampala, mpya kwenye katoni. Nitajuaje kama ni yenyewe?

Bei ya nusu tayari ni jibu ndugu yangu, lakini ukitaka kuhakikisha, iwashwe, ingia kwenye mipangilio utafute modeli na siriali namba, alafu linganisha na stika ya nyuma na ya kwenye katoni. Zote tatu lazima zifanane herufi kwa herufi. Tivi feki nyingi zinashindwa hapo, menyu inaonyesha jina lingine au haina modeli kabisa. Modeli hiyo iandike kwenye simu yako, uone kama kampuni yenyewe inaitambua na kama kioo ni cha vinukta vingapi, maana kuna katoni zimeandikwa 4K kumbe ni kwamba inapokea tu video ya 4K na kioo ni HD.

Jina peke yake pia lisikutishe wala lisikuvute sana. Tivi za Toshiba, jina la Japani walilokuwa wanaliamini wazee wetu, biashara yake ilinunuliwa na Hisense ya China, mauzo yalitangazwa mwaka 2017. Kwa hiyo anayekataa ya China anaweza kuwa tayari anaangalia ya China. Kinachonifanya mimi niamini duka ni risiti. Dai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya URA (mamlaka ya mapato), yenye QR, na kadi ya waranti yenye muhuri na siriali namba imeandikwa. Muuzaji anayekwepa risiti atakukwepa na wewe ukirudi na tivi iliyokufa.

Tivi yangu ina miaka miwili tu, sauti inatoka lakini kioo ni giza. Fundi wa mtaani anasema ninunue nyingine. Niko Arua.

Usinunue bado. Usiku zima taa, washa tivi, chukua tochi ya simu umulike kioo kwa karibu ukiwa pembeni kidogo. Ukiona picha hafifu inacheza pale ndani, kioo chako ni kizima, kilichokufa ni taa za nyuma yake, mafundi wanaziita bakilaiti, ni vipande vinavyobadilishwa na bei yake haifiki hata karibu na ya tivi mpya. Kama kioo kimepasuka au kina mistari hapo ndio huyo fundi ana haki, kioo kipya kinakaribia bei ya tivi.

Abadilishe vipande vyote, sio kile kilichoungua peke yake, vingine viko njiani. Na ikipona ingia kwenye mipangilio ya picha ushushe bakilaiti, nyingi zinatoka kiwandani ziko juu kabisa ili zing'ae dukani, weka kama 60, Yaka inapungua na zile taa hazipati joto la kuziua mapema.