Kebini mbili, mlango mmoja: kubuku meli ya kitalii ukiwa na familia nzima

Tangu meli kubwa za watalii zirudi kutia nanga Kilindini, haswa baada ya ile Norwegian Dawn kuja mwanzo wa 2023, kila nikikaa na watu swali ni lilelile, na sisi twaweza kupanda na watoto? Na tukipanda hao watoto watalala wapi? La kwanza jibu lake ni ndio. La pili ndilo refu na ndilo nataka kulimaliza hapa, maana nshachoka kutuma voisi noti za dakika kumi WhatsApp.

Lakini kwanza, meli nyingi zinazokuja hapa kwetu ni za kupita tu, zinashusha wageni waende Fort Jesus na Tsavo kisha zinang'oa nanga na safari yao. Kwa mtu wa Mombasa na familia njia rahisi ni kuruka hadi Durban au Dubai upandie huko. Durban ndio napenda mimi kwa sababu tangu Januari 2023 pasipoti ya Kenya haihitaji visa kuingia Afrika Kusini, unapewa hadi siku 90 kwa mwaka, na meli zinaondokea pale kituo cha Nelson Mandela kwenda pwani ya Msumbiji, Pomene na kwengineko, na msimu wao unaangukia likizo yetu ndefu ya Novemba na Disemba. Dubai nako kuzuri ila visa ya Imarati iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikienda Doha na kurudi, ushatoka nchi hapo na waingia upya, ukiwa na visa ya mara moja mtaishia kubishana na watu wa kaunta siku ya safari na watoto wamekaa juu ya mabegi.

Haya, tuje kwenye kebini.

Sisi ni sita: mimi, baba watoto, watoto watatu, na mamangu. Kebini ya kawaida kwenye meli inalaza wawili, nyengine zina kochi linalokunjuliwa na vitanda vya kushuka kutoka ukutani au darini ndio zinafika watatu au wanne. Kwa hivo sita ni kebini mbili, na hapo ndipo watu wengi wanaishia, kebini mbili basi, ziwe karibu. Mimi nasema hapana, usitafute za karibu, tafuta zenye mlango wa ndani wa kutokea hii kuingia ile. Maajenti wanaziita konekting. Za jirani zimepakana ukuta tu, na kumfikia mtoto lazima utoke koridoni.

Na hii koridoni kwetu si jambo dogo. Saa nane usiku mtoto amelia upande wa pili, mimi niko na dera la kulalia na nywele wazi, bila mlango wa ndani ndio nianze kutafuta buibui gizani, nitafute kadi ya kufungulia, nitoke, nibishe, mama naye aamke ajifunge leso aje kufungua, na huyo mtoto sahi ashaamsha wenzake. Na mlango ni hatua tatu miguu mitupu ushafika. Mchana pia, mama akitaka kuswali kwa utulivu watoto wanahamia kwetu, baba akitaka kulala sisi sote tuko kwa mama, nguo za kuogelea zimeanikwa huku, chakula cha mtoto kiko kule, mnaishi kama nyumbani. Kwa familia ya pwani inayosafiri na mama au mama mkwe mimi hiki ndicho kitu cha kwanza kukilipia, hata kabla ya dirisha.

Sasa vile ya kuzipata. Kila kampuni inaweka kwenye websaiti yake ramani za meli, deki moja moja, na kila kebini ina namba yake. Pembeni kuna maelezo ya alama: hii ina kitanda cha tatu, hii ni ya mtu wa kiti cha magurudumu, hii inaungana na jirani. Ya kuungana mara nyingi ni mshale mdogo wenye ncha mbili umekatiza ukuta kati ya kebini na kebini, lakini kila kampuni na alama zake kwa hivo soma maelezo ya meli ileile unayopanda, sio dada yake, yaani meli nyengine iliyoundwa kwa mfano mmoja nayo. Na jichunge na namba, kwenye meli nyingi namba shufwa ziko ubavu mmoja na witiri ubavu wa pili, yaani 9102 jirani yake ni 9104, ukipewa 9102 na 9103 ukafurahi kwamba zimefuatana waweza kujikuta nyinyi muko upande wa kushoto wa meli na watoto kulia.

Kuna ajenti mmoja wa hapa mjini, jina naliacha, nilimwambia wazi nataka za mlango wa ndani, akaniambia dada usijali nishakuwekea mbili zimekaa pamoja. Nikamuomba namba, nikafungua ramani nikaivuta karibu, ukuta mtupu hakuna mshale. Kumuuliza, ati "zote ni sawa tu, mkifika meli watawafungulia". Watafungua nini na mlango haupo, ule ni ukuta wa chuma umeundwa hivo kiwandani! Nikampigia skrinishoti nikamzungushia na nyekundu zile mbili ninazozitaka nikamwambia deposi haitoki mpaka namba hizi zije zimeandikwa. Zikaja. Kwa hivo usikubali maneno ya "tumeweka ombi", ombi si kebini. Namba mbili ziwe kwenye karatasi ya uthibitisho ndio utoe pesa.

Halafu utaona bei fulani ya chini inakuvutia, wanakuandikia aina ya kebini bila namba, wao ndio watakupangia karibu na safari. Kwa mtu peke yake au mke na mume ni ofa nzuri sana, kwa familia inayotaka mlango usiiguse, ni kama kukata tiketi za SGR moja moja halafu utarajie watoto watakaa behewa lako. Na ile ya kupandishwa daraja, meli ikiwa na nafasi wanaweza kuhamisha kebini moja kwenda juu zaidi, na barua inakuja tamu, hongera umepandishwa, kumbe wamewatenganisha. Mwambie ajenti aandike kwenye buking zote mbili kwamba hamtaki kuhamishwa, na zile imeili za kukuita uweke dau la kupanda daraja zifute.

Kuna kitu kinachanganya watu sana, unatafuta kebini ya wanne mtandaoni unaambiwa zimeisha na ukiangalia kebini tupu ziko tele. Si kwamba wanakuficha. Kwanza zile zenye mlango wa ndani mara nyingi zina vitanda vichache, maana ukuta ambao ungekaa kochi kubwa ndio umekaliwa na mlango. Pili meli imegawanywa kwa sehemu, kila sehemu na boti zake za kuokolea, ikishafika idadi ya watu wanaoenea kwenye zile boti wanaacha kuuza kitanda cha tatu na cha nne hata kama kitanda chenyewe kipo hapo. Ndio nikasema anzeni mapema, mwaka mmoja kabla ukiweza, kwa sababu hizi kebini ni chache na zinatafutwa na kila mwenye watoto duniani.

Pesa. Watu wawili wa kwanza kila kebini wanalipa kamili, wa tatu na wa nne wanalipa pungufu, na wakati wa ofa watoto wengine hulipiwa ushuru wa bandari tu. Sasa ukiwa na kebini mbili, wanaolipa kamili ni wanne hata ukiwazungusha vipi. Sisi wazima ni watatu, kwa hivo mtoto mmoja alilipa kama mtu mzima, hakuna ujanja hapo. Na ukiwa mke na mume na watoto wawili wadogo, kebini moja wanaolipa kamili ni wawili, mbili ni wanne, karibu mara mbili kwa ajili ya choo cha pili na mlango. Mimi kwa watoto chini ya miaka sita ningebana kebini moja, wallahi, pesa iliyobaki mule huko nje. Na kama wako ni vijana wa sekondari kuna njia nyengine ya nafuu, wazazi mnachukua ya balkoni na wao mnawapa ya ndani isiyo na dirisha iliyoangaliana na yenu ng'ambo ya koridoni. Wale wakubwa hata hawataki mlango wenu.

Kwenye majina ndipo penye kazi. Kampuni zinataka kila kebini iwe na mtu mzima, nyengine zinaanzia miaka 18, zile za Marekani mara nyingi 21, ingawa wengine hulegeza kama wazazi wako kebini ya pili yake. Kwa hivo kwenye karatasi gawanya wazima, mmoja huku mmoja kule, mkishapanda mtalala mnavyotaka, munaenda risepsheni mnaomba kadi za ziada za kufungulia. Lakini waambieni nani analala wapi, na muangalie kwenye kadi kituo cha kukusanyika wakati wa dharura kama ni kimoja kwa nyote.

Sasa sisi majina yetu. Mimi jina langu la mwisho ni la babangu, mamangu la babake, watoto wamebeba la baba yao, na baba yao ndio yuko kebini nyengine kwenye karatasi. Mtu wa kaunta anaona bibi na wajukuu hawana herufi moja inayofanana. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, vya asili na kopi, viwe kwenye begi la mkononi, na kama baba hasafiri muandike barua ya idhini mukaapishe kwa wakili kabisa. Pia mwambie ajenti aziunganishe buking zenu kwenye mfumo, hio ndio inafanya mpangiwe meza moja na saa moja ya chakula cha usiku. Mambo ya halali waandikie mapema wakati huohuo, usingoje kufika mezani.

Pahala pa kebini: katikati ya meli na deki za chini ndipo meli inayumba kidogo, na mama akiwa mtu wa kizunguzungu hio ni muhimu kuliko mandhari. Angalia pia kilicho juu yenu na chini yenu, ukiwa chini ya deki ya bwawa utasikia viti vikiburutwa alfajiri, na ukiwa juu ya ukumbi wa muziki mtalala wakimaliza wao. Na ujue mlango wa ndani unapitisha sauti kuliko ukuta, sisi tulikuwa tunasikia nyuradi za mama mpaka mwisho. Balkoni na watoto wadogo sipendi sana, ikiwa lazima basi viti viwekwe mbali na kizuizi na mlango ufungwe juu kabisa. Kwengine mhudumu wa kebini anaweza kufungua kile kibao kinachotenganisha balkoni mbili, muulizeni. Na mkiingia mkakuta mlango wa ndani umefungwa msishtuke, yeye huyohuyo ndiye hufungua. Birika la umeme usibebe, kwenye meli nyingi ni marufuku kwa sababu ya moto na watalitoa kwenye begi. Mama alinuna kwa ajili ya chai yake mpaka akagundua maji ya moto yapo kule juu kwenye bafe wakati wote, tangawizi alikuwa nayo mkobani.

Na kama umechelewa na ramani yaonyesha zote zimeshikwa, usikate tamaa bado. Muulize ajenti tarehe ya mwisho ya kumalizia malipo kwa safari hio, kwa kawaida ni miezi miwili mitatu kabla ya meli kuondoka. Wiki ile wapo wanaoshindwa au kubadili nia, na kebini zao zinarudi sokoni kimyakimya. Buku mbili za kawaida kwanza mushike nafasi, kisha wiki ile mpigie kila siku asubuhi na namba za kebini unazozitaka ziwe mkononi.