V8 si jina la gari

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni madereva wa hapa Mafinga. Juzi tukiwa kijiweni lilipita Land Cruiser jipya likielekea Mbeya, mwenzetu mmoja akasema, "Mnaiona V8 mpya hiyo!" Ubishi ukaanzia hapo. Mmoja anadai V ni valvu, kwa hiyo V8 ni valvu nane. Mwingine anasema ni VIP, kwa kuwa hupanda wakubwa. Wa tatu anasema ni jina la toleo tu, halina maana. Nani yuko sahihi? Na wingi wake ni "mavieiti"?

JIBU: Marahaba. Wote watatu wamekosea, na huyo wa kwanza kabisa, aliyeliita gari hilo V8, amekosea kuliko wote.

V ni herufi V yenyewe, kwa umbo lake. Injini ya V8 ina silinda nane, yaani matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilizogawanywa safu mbili, nne kushoto na nne kulia. Safu hizo huachana juu, mara nyingi kwa nyuzi 90, na chini zote zinazungusha krenki shafti moja, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Gusanisha vifundo vya mikono, kisha tanua viganja juu: hiyo ndiyo V. Sababu ya kuzipanga hivyo ni nafasi. Silinda nane zikikaa mstari mmoja, injini inakuwa ndefu mno, na boneti nayo irefuke kuifuata. Mfaransa Léon Levavasseur aliichukulia hataza injini ya namna hii mwaka 1902, na kampuni ya Ford ikaifikisha kwenye magari ya bei nafuu mwaka 1932. Historia yake inatosha hapo.

Wa valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, namwelewa, maana V nyingine za magari kweli ni za valvu. Katika ile VVT-i ya Toyota, V ya pili ni valvu. Corolla za zamani ziliandikwa ubavuni "16 valve", na wengine hufupisha 16V. Basi shikeni hivi: namba ikitangulia herufi, kama 16V, zinahesabiwa valvu; herufi ikitangulia namba, kama V6 au V8, unaambiwa silinda zimepangwaje na ziko ngapi. Injini ya dizeli ya V8 iliyomo kwenye Land Cruiser 200 (100, 200 na 300 ni namba za matoleo ya gari hilo) ina valvu 32, nne kwa kila silinda. Na kama V8 ingekuwa valvu nane, basi kigari chochote cha silinda nne chenye valvu mbili kwa kila silinda kingeitwa V8. Huyo wa VIP mwambieni atafute hoja nyingine.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Nchi nzima imegeuza V8 kuwa jina la gari kubwa. Land Cruiser lolote jeupe lenye vioo vyeusi ni V8. Nimesikia hata Prado ikiitwa "V8 ndogo", na Prado nyingi zinazopita barabara hii zina silinda nne, tena za mstari. Land Cruiser 100 ya dizeli, ambayo bado inapanda Kitonga bila kulalamika, ina silinda sita za mstari. Ndugu yake wa petroli wa lita 4.7 ndiye mwenye V8. Magari mawili yanafanana kwa nje, na ukifungua boneti hayana undugu.

Na hilo mliloliona Mafinga, kama ni Land Cruiser jipya la 300, basi halina V8 kabisa. Lilipotoka mwaka 2021 lilikuja na V6: dizeli lita 3.3, petroli lita 3.5. Kwa hiyo mwenzenu aliposema "V8 mpya" alikuwa anaionyesha kidole V6. Watangazaji wanarudia kosa hilo, waandishi wanalirudia, na mtu akilisikia mara nyingi vya kutosha anaona ndicho Kiswahili.

Najua mtakachonijibu. Mtasema lugha ndivyo ilivyo, mbona bajaji ni jina la kampuni na leo kila pikipiki ya magurudumu matatu ni bajaji? Mbona tunasema fuso, tunasema kanta? Nakubali, na sina ugomvi na maneno hayo. Lakini bajaji katika Kiswahili haikuwa na maana nyingine ya kuharibu. Anayesema bajaji hadanganyi idadi ya kitu. V8 ina nane ndani yake. Ukiiita V8 injini ya silinda sita, umesema sita ni nane, na hakuna mazoea ya lugha yanayoweza kuhalalisha hesabu hiyo. Hata pikipiki ya Boxer, ambayo injini yake ina silinda moja tu na haina uhusiano na injini ya boksa ya Subaru, ile yenye silinda zilizolala kushoto na kulia, ninaisamehe, kwa sababu jina hilo mwenye kiwanda ndiye aliyempa mtoto wake. Land Cruiser la silinda sita hakuna kiwanda kilicholiita V8. Tumeliita sisi.

Madhara yake niliyaona Mwanjelwa, Mbeya, kwenye duka moja la spea. Kijana ametumwa na fundi, anaagiza "gasketi ya hedi ya V8", ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu, yaani hedi. Muuzaji, mtu makini, akamletea mbili, ya kushoto na ya kulia, maana injini ya V ina hedi mbili, kila safu na yake. Kijana akashangaa: fundi amemwambia moja. Muuzaji akamwuliza gari lenyewe ni la mwaka gani, kijana hajui. Dizeli au petroli, dizeli. Likoje mbele, akaeleza. Ni Land Cruiser 100. Muuzaji akazirudisha zile mbili rafuni, akashusha moja ndefu yenye matundu sita makubwa yaliyofuatana, akaiweka juu ya kaunta bila kusema neno. Fikirini kijana huyo angekuwa ametumwa kutoka Chunya, akalipa, akapanda gari, akafika kule na gasketi zisizoingia. Fundi hakuwa mjinga, injini aliijua vizuri. Aliponzwa na neno.

Hukumu yangu basi. Land Cruiser 200 lenye injini ya V8 liiteni V8 kwa mdomo, siwazuii. Nembo yake mara nyingi imebandikwa nyuma, na watu wameisoma hapo. Yaliyobaki yaiteni Land Cruiser. Mkitaka neno lenye ladha, tunalo la kwetu, shangingi, ambalo halijawahi kudai idadi yoyote ya silinda. Lakini kwenye tangazo la kuuza gari, kwenye habari, na kwenye karatasi ya kuagiza spea, V8 iandikwe pale tu silinda nane zilipo, tena zikiwa safu mbili. Nane peke yake haitoshi: zamani zilikuwepo injini za silinda nane za mstari mmoja, nazo hazikuitwa V8.

Kuhusu wingi: V8 ni aina ya injini, kwa hiyo wingi unabebwa na nomino iliyo mbele yake: injini za V8, magari ya V8. Kwa kutamka, "vii nane" na "vii eiti" zote nazikubali. "Mavieiti" siikubali, na msiniandikie tena kuniomba niifikirie.