Malipo ya ziada kwa piano iliyotelekezwa
Je, fundi wa piano anaweza kudai malipo ya ziada kwa piano iliyokaa muda mrefu bila kutyuniwa, yaani bila nyuzi zake kurekebishwa sauti? Ndiyo, ana haki ya kutoza kazi ya kuinua sauti, yaani kuzikaza nyuzi zilizolegea hadi zirudi kwenye kiwango chake, kando na bei ya kawaida ya kutyuni, mradi mteja aambiwe kabla kazi haijaanza. Piano ina nyuzi zipatazo 230, na unapozikaza zote kuelekea kiwango ambacho noti ya A ya katikati hulia kwa hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), ubao wa sauti, yaani ubao mwembamba unaokuza sauti ya nyuzi, hulemewa na mkazo mpya, hivyo nyuzi ulizotangulia kuzikaza hushuka tena na kukulazimu kurudia piano nzima. Pima kwanza noti ya A ya katikati mbele ya mteja, ajionee tofauti na kiwango hicho. Nyuzi zenye kutu, hasa katika piano za pwani, huweza kukatika, kwa hiyo kubalianeni mapema ni nani atakayezilipia.