Kibali cha mazishi tunacho, cheti cha kifo hatuna

SWALI: Wakili, habari za kazi. Baba yetu alifariki nyumbani Mbagala, Oktoba 2019, tukamzika makaburi ya Chang'ombe. Kibali cha mazishi tunacho. Tumekwenda kufungua mirathi ya nyumba Mahakama ya Mwanzo, wamedai cheti cha kifo. Kuna mtu amesema siku 30 zilishapita, cheti hakitoki tena, labda aandike kwamba mzee amefariki mwezi huu. Tumebaki wanaume wawili. Kaka yetu mkubwa naye alifariki 2021, ameacha watoto wawili. Tumkubalie?

JIBU: Poleni kwa misiba yote miwili. Huyo mtu msimkubalie, na kama mmeshampa nakala za vitambulisho, zichukueni leo.

Siku 30 ni muda wa kusajili kifo kwa utaratibu wa kawaida. Zikipita, kifo bado kinasajiliwa, ila kama usajili uliochelewa, kwa ada yake na kwa ushahidi zaidi. Hayo yamo katika Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, hupokea maombi ya vifo vya miaka mingi nyuma. Wanaosema "muda umeisha" wanajua hivyo. Wanauza hofu tu.

Kibali kiliruhusu kuzika, basi. Sasa ni kielelezo chenu kizuri, kwa hiyo toeni nakala na msiache karatasi halisi mikononi mwa mtu. Ombi lifanyike wilaya ambako kifo kilitokea, yaani Temeke, si mnakoishi sasa. Pamoja na kibali, andaeni hati ya kiapo ya mtu aliyekuwepo msibani, barua ya mtendaji, muhtasari wa kikao cha familia na kitambulisho chochote cha marehemu. Kabla ya kuapa, wekeni mezani leseni ya makazi ya nyumba na hicho kitambulisho, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Kama moja linasema Salum na jingine Salumu, kiapo kieleze kwamba ni mtu mmoja. Msipofanya hivyo mtapata cheti halali kisichofungua mlango wowote, kwa sababu ofisi ya ardhi wataona ni mtu mwingine.

Sasa tarehe. Watu huichukulia kama pambo, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapopotea.

Kama mnarithi kwa sheria ya Kiislamu, mrithi ni yule aliyekuwa hai marehemu alipokata roho. Kaka yenu alikuwa hai Oktoba 2019. Fungu lake likawa lake siku hiyohiyo, hata kama nyumba haijagawanywa, na alipofariki 2021 likahamia kwa warithi wake, wakiwemo wale watoto. Mkiandika kwamba mzee amefariki mwezi huu, kaka anakuwa ametangulia kufa kabla ya baba, na wajukuu wanazuiwa na ninyi baba zao wadogo. Mstari mmoja wa uongo umewanyang'anya yatima. Hata kama hamkukusudia, mahakamani itaonekana mlikusudia.

Si hilo tu. Akitokea mtu na mkataba wa mauzo wenye dole gumba la mzee la mwaka 2020, tarehe ya kweli inauua mkataba huo papo hapo. Tarehe ya kishoka, yaani huyo mtu wa vichochoroni anayewaahidi cheti, inaufufua.

Na uongo wenyewe haufichiki. Kibali kinasema 2019. Kibao cha kaburi kinasema 2019. Mrithi mwenye kinyongo anahitaji simu ya kupiga picha na nauli ya kwenda Chang'ombe. Hapo mirathi inafutwa, msimamizi anaanza kuhojiwa kwa kughushi, na kishoka hayupo kwenye karatasi yoyote, kwa maana aliyeapa ni mwanafamilia. Hili linawahusu pia wanaosogeza tarehe ili wasilipe ada ya kuchelewa, au ili ilingane na barua iliyokosewa. Barua iliyokosewa hurudishwa kwa aliyeiandika airekebishe.

Kama cheti cha namna hiyo kimeshatoka, msikipeleke mahakamani. Nendeni kwa msajili na kibali cha 2019 mkononi, mwombe tarehe isahihishwe, na mirathi isubiri mpaka hapo.