Uzito umegoma kushuka na umri umesogea? Soma hii kabla hujailaumu metaboli

Ukishavuka arobaini kuna sentensi utaisikia kila kona, saluni, harusini, kwenye magrupu ya WhatsApp: "metaboli imeshuka bana, siku hizi hata maji yananinenepesha." Na ikishasemwa tu haipiti nusu saa kuna mtu anatuma picha ya chupa ya kitu cha kijani, eti kinaamsha metaboli iliyolala. Mi nakaribia hamsini, kitambi nilikuwa nacho cha kuonekana kabisa hata kwa mbali, sasa hivi sehemu kubwa kimeondoka na hakijarudi, na hakuna chupa hata moja iliyohusika, ndo mana nimeamua nikae niandike.

Kwanza hii metaboli yenyewe. Ni mwili kutumia nishati, basi, na sehemu kubwa mno ya hiyo nishati inatumika hata ukiwa umelala chali hufanyi chochote, kama asilimia 60 mpaka 70 hivi kwa mtu wa kawaida, moyo unadunda, figo zinachuja, ini liko bize, ubongo hauzimi hata usiku. Asilimia 10 hivi inaishia kwenye kusaga chakula chenyewe ulichokula. Inayobaki ndo kutembea, kufua, kupanda ngazi na mihangaiko yote ya siku. Sa mtu akisema metaboli imeshuka mara nyingi anamaanisha lile fungu la kwanza, kwamba mwili ukiwa umetulia hauchomi tena kama zamani.

Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa kwenye jarida la Science, wa akina Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga cha siku 8 mpaka mzee wa miaka 95. Na hawakuuliza watu wanakula nini, mana hapo tungedanganya wote, walitumia maji maalum ambayo mtu anakunywa halafu mkojo wake unapimwa kujua mwili umechoma nishati kiasi gani. Walichokuta ni kwamba ukishahesabu ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, metaboli inakaa palepale kuanzia miaka 20 mpaka 60. Inaanza kuteremka baada ya 60, tena polepole, kama asilimia 0.7 kwa mwaka. Ile miaka ya 40 na 50 ambayo wanawake wengi ndo hedhi inakoma na kila kitu kinaonekana kuvurugika, mstari umenyooka tu. Nilivyosoma niliona kama nimenyang'anywa kitu, yaani kisingizio changu kilikuwa kizuri jamani.

Lakini rudi kwenye yale maneno "ukishahesabu misuli", mana hapo ndo mambo yote yamejificha. Mtu ambaye hafanyi kazi za nguvu anaanza kupoteza misuli tangu kwenye miaka ya 30, makadirio yanayotajwa sana ni asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na kasi inaongezeka baadaye. Huoni inavyoondoka kwa sababu nafasi yake inachukuliwa na mafuta, mzani unaweza ukasoma kilo zilezile miaka yote hiyo huku paja limekuwa jembamba na kiuno kimepanuka. Wenye miguu myembamba na tumbo kubwa mbele mnanielewa.

Sa hapa nisiwe muongo kama wale wa mitandaoni wanaosema jenga misuli utachoma mafuta hata umelala. Kilo moja ya misuli iliyotulia inatumia kama kalori 13 kwa siku, kilo ya mafuta kama 4 na nusu. Ukihangaika mpaka ukaongeza kilo 2 za misuli, na kwa umri wetu hiyo ni kazi kwelikweli, umejipatia kalori 26, hata robo ya ndizi inazipita kidogo au zinalingana. Hivyo ukienda jimu kwa hesabu hiyo utakata tamaa mapema sana.

Mi nakazania misuli kwa sababu nyingine. Moja, ukipunguza chakula bila kuitumia misuli, mwili hauchomi mafuta peke yake, takriban robo ya uzito unaoshuka unaweza ukawa ni nyama zako mwenyewe, halafu ukija kurudi kunenepa yanarudi zaidi mafuta, kwahiyo kila dayati inakuacha na mwili dhaifu kuliko ulioanza nao. Mbili, sukari ya kwenye damu baada ya kula inapokelewa zaidi na misuli kuliko sehemu nyingine yoyote, na kwa umri huu ambao kila mtu anaanza kupimwa sukari hilo sio jambo dogo. Halafu kuna la tatu ambalo ndo nililiona kwangu zaidi, mtu mwenye nguvu miguuni anatembea bila kujiuliza, anapanda ngazi, anabeba vitu vyake, asiye nazo anatafuta kiti.

Nilichofanya mimi ni cha kijinga kwa urahisi wake. Kiti cha kawaida cha mezani, kisicho na mikono. Unakaa, unakunja mikono kifuani, unasimama bila kujishika popote, unakaa tena taratibu, usijiachie ukaanguka pwaa, mana kule kushuka taratibu ndo paja linafanya kazi hasa. Mwanzoni magoti yalikuwa yanalia na nilikuwa najisukuma na kiganja bila hata kujua. Ilipokuwa rahisi nikakumbatia dumu la maji la lita 5 kifuani, hilo ni kilo 5 bila gharama, baadaye madumu mawili, moja kila mkono. Pushapu nilianzia ukutani, nikahamia kwenye meza, chini nimefika juzijuzi na bado nalialia. Kitu cha kuzingatia ni kimoja, ule uzito lazima uzidi kuongezeka kadri unavyozoea, ukibaki na dumu lilelile mwaka mzima misuli haina sababu ya kukua. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 mpaka 300 za kitu cha kukutoa pumzi kiasi kama kutembea haraka. Hizo siku mbili za nguvu ndo watu wetu wanaziruka, wanatembea weee halafu wanashangaa. Ila kama una presha isiyotulia, maumivu ya kifua au magoti mabovu muone daktari kwanza, usianze na madumu.

Halafu kuna mizunguko ya siku, na hapa nina maneno mengi kidogo mnivumilie.

James Levine, mtafiti aliyekuwa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, alishughulika miaka mingi na nishati tunayotumia kwenye vitu ambavyo sio mazoezi wala kulala, yaani kusimama, kutembea ndani ya nyumba, kuinama, kutotulia. Watu wawili wa ukubwa uleule wanaweza kutofautiana hadi kalori 2,000 kwa siku kwa hilo tu, mmoja kazi yake ya kuzunguka, mwingine wa kukaa. Sa jiangalie wewe ulivyokuwa na ishirini na tano na ulivyo leo. Enzi zile ulikuwa unatumwa wewe, umebeba mtoto mgongoni, unakimbilia usafiri, bosi anakuita unainuka. Leo bosi ni wewe au umekaribia, na nyumbani unasema lete maji, lete rimoti, nichukulie simu pale juu ya kabati, na mtoto analeta kwa adabu zote. Cheo cha nyumbani kinapanda na hatua zinashuka. Hakuna anayeliona hili kama uvivu kwa sababu ni heshima, ila mwili hesabu yake haijui heshima. Mi nimeacha kutuma watu vitu vidogo, wanangu mwanzoni walidhani nimewakasirikia.

Chakula sasa. Najua wengi mlikuwa mnasubiri hapa muambiwe msile nini, sina orodha. Nina protini na mafuta ya kupikia basi.

Protini kwanza inamaliza nguvu nyingi kwenye kusagwa kwake, asilimia 20 mpaka 30 ya kalori zake zinaishia humohumo, wakati wanga ni 5 mpaka 10 na mafuta ni 0 mpaka 3. Huo ndo uchocheaji wa metaboli pekee wa kwenye sahani unaoeleweka, ingawa faida kubwa zaidi ni kwamba inashibisha na inalinda misuli. Gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku ni kiwango kizuri kwa mtu anayepungua huku anafanya mazoezi ya nguvu, ila mwenye shida ya figo asiongeze bila daktari. Kwa vitendo ni kwamba asubuhi isipite na chai na kitafunwa peke yake, weka yai, maharage, samaki, mtindi, chochote ulichonacho. Mi kubadili asubuhi tu kulinisaidia, ile njaa ya saa nne ya kutafuna hovyo ikapotea yenyewe.

Mafuta ya kupikia nenda kayapime, nakuomba. Chukua kijiko kikubwa cha chakula, mimina kwenye sufuria kama unavyomimina siku zote lakini upitishe kwenye kijiko, uhesabu. Kijiko kimoja ni kalori 120 hivi. Mi kwenye mboga ya watu wachache niliyokuwa naiita "haina mafuta mengi" vilikuwa vinaingia vijiko saba, na hiyo ni kabla ya kile cha kumalizia juu ili ing'ae. Sikubadilisha chakula, nimebadilisha mkono. Kuna utafiti wa 1992 Marekani ulichukua watu waliolalamika kwamba wanakula kidogo sana na hawapungui, ukapima kila kitu, metaboli zao zilikuwa za kawaida ila walikuwa wanaripoti karibu nusu tu ya walichokula. Hawakuwa waongo, ndo binadamu tulivyo, vitu vya kuonja jikoni na mabaki ya sahani za watoto havikai kichwani.

Ila sasa usije ukaenda upande wa pili ukajinyima mpaka kizunguzungu. Hapo metaboli inashuka kweli. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano moja la kupungua la kwenye TV, wale wa kukata kilo nyingi ndani ya miezi michache, na miaka 6 baadaye miili yao ikiwa imetulia ilikuwa inachoma kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao, na wengi walikuwa wamesharudia unene. Nusu kilo kwa wiki inatosha, hata chini ya hapo, na wiki nyingine mzani hautasogea kabisa, uache.

Usingizi nitaugusa tu, ukilala vibaya homoni ya njaa inapanda na ya shibe inashuka, kesho yake utatafuta sukari kama umetumwa. Kinamama mnaoamka usiku mmelowa jasho sababu ya hedhi inayoelekea kukoma ongeeni na daktari, kuna tiba, msivumilie eti ni umri. Na estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka mafuta yanahama, yaliyokuwa yanakaa kwenye mapaja na makalio yanapendelea tumbo, kwahiyo unaweza usiongezeke kilo hata moja na nguo zikakataa. Kinababa kwenu nina neno moja, pombe, gramu yake moja ina kalori 7 na haishibishi. (Kinamama wanaokunywa mmejisikia pia.)

Vile vya chupa, chai ya kijani, pilipili, maji ya baridi, ndio vinapandisha kidogo, kidogo kwa maana ya kutoonekana kwenye mzani. Kunywa kama unapenda ladha.

Kuna watu ambao metaboli yao ni mgonjwa kweli na hao wasipoteze muda na makala kama hii. Kama unanenepa huku unachoka kupita kiasi, unasikia baridi wakati wenzako wanaona joto, choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinakatika, nenda uombe kipimo cha damu cha tezi ya shingo kinaitwa TSH. Ni kipimo cha kawaida na tiba yake ipo. Pia uliza kuhusu dawa unazotumia, insulini, steroidi, baadhi ya dawa za sonona na za kifafa zinaongeza uzito, lakini usiache dawa kwa kichwa chako, daktari anaweza kukubadilishia.

Mwisho nunua tepe ya fundi cherehani, itakuambia mengi kuliko mzani. Simama wima, tafuta ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, katikati yake ndo unazungusha, toa pumzi kawaida halafu soma. Kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari inaanza kupanda, ikivuka 88 na 102 imepanda sana. Andika namba na tarehe nyuma ya mlango wa kabati, upime tena baada ya mwezi, na usibane tumbo ndani wakati unapima.