Hatuna antena wala king'amuzi. Je, tunahitaji leseni ya TV Uingereza?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Tunaishi Reading: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe aliyetoka Tanga. TV tunayo, ila haina antena wala king'amuzi, ni intaneti tu. Watoto wanatazama Netflix na katuni, mama anafuatilia taarifa ya habari ya nyumbani kupitia YouTube, na mume wangu hakosi mechi ya Simba kwenye simu. Barua za onyo kuhusu leseni ya TV haziishi kuja. Kweli tunadaiwa?

JIBU: Dada yangu, kwa matumizi uliyoeleza, leseni mnaihitaji. Na sababu kubwa haiko kwenye TV ya sebuleni, iko kwenye simu ya shemeji.

Wengi wetu tunaamini kwamba ukishaondoa antena, umejitoa. Sivyo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2004 zinaangalia jambo moja: je, unatazama au kurekodi kipindi cha televisheni wakati uleule kinaporushwa kwa umma? Kikufikie kwa dishi, kwa waya au kwa bando la simu, ni sawa tu. Chaneli nayo haijalishi. Azam, Citizen au TBC, kwa Kiswahili au lugha nyingine yoyote, ukiitazama mubashara ukiwa ndani ya Uingereza unatakiwa uwe na leseni. Kulipia kifurushi cha Azam hakuondoi wajibu huo, kwa kuwa hayo ni malipo mawili tofauti. Hapa ndipo familia nyingi za kwetu hunaswa, maana hudhani leseni ni ya wanaotazama BBC peke yao.

Kwa mama, jibu linategemea saa. Taarifa ya saa mbili usiku ya Tanga huku ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi, au kumi na mbili wakati wa kiangazi. Akiifungua hapohapo inaporuka hewani, leseni inahitajika. Akiitazama baadaye ikiwa imeshapakiwa YouTube, haihitajiki. Harusi ya ndugu inayorushwa mubashara na mpwa wake kwa simu haimo kabisa, kwani hicho si kipindi cha televisheni.

Watoto nao wanatazama katuni gani? Filamu na tamthilia za Netflix wanazojichagulia hazina shida. Pambano la ngumi ambalo Netflix yenyewe inalirusha mubashara, hilo linahitaji leseni. Ila nina wasiwasi zaidi na BBC iPlayer, programu ya BBC ya kutazamia vipindi mtandaoni. Tangu tarehe 1 Septemba 2016, chochote cha BBC unachotazama humo kinahitaji leseni, hata kama ni katuni ya wiki iliyopita. Angalia kama programu hiyo imo kwenye TV yenu. Redio msiiogope, leseni yake ilifutwa mwaka 1971.

Sasa mfanye nini? Bei iliyoanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na mnaweza kulipa kidogokidogo. Leseni moja inawatosha wote mnaoishi humo kama kaya moja, pamoja na simu zenu. Kama shemeji hawezi kusubiri filimbi ya mwisho ndipo atazame marudio, ushauri wangu ni kuilipia. Simjui shabiki wa Simba anayeweza kusubiri siku ya kucheza na Yanga.

Mkiamua kuacha kabisa mubashara na iPlayer, waarifuni TV Licensing, yaani wasimamizi wa leseni hiyo, kupitia tovuti yao kwamba hamhitaji leseni. Barua zitapungua, na baada ya muda watauliza tena kama hali imebadilika. TV yenyewe mnaruhusiwa kubaki nayo. Lakini msitoe taarifa hiyo huku mechi zinaendelea.

Barua hizo hutumwa kwa anwani zisizo na leseni. Si ushahidi kwamba kuna mtu amewaona. Afisa wao akibisha hodi, hana haki ya kuingia bila hati ya upekuzi kutoka mahakamani, na mnaweza kumkatalia kwa adabu. Mwambie mama hivyo mapema, maana yeye ndiye anayeshinda nyumbani, na kwa ukarimu wa Kitanga atamkaribisha mgeni na kumwashia TV.

Nasisitiza hili kwa sababu kutazama bila leseni ni kosa la jinai, na faini yake hufika pauni 1,000, mbali na gharama za kesi. Fomu za viza na za uraia huuliza kuhusu hukumu za jinai, faini zikiwemo. Kama kuna yeyote kati yenu mwenye maombi Home Office (wizara ya mambo ya ndani), mechi inayofuata isianze kabla leseni haijapatikana.