Siku moja, kumbukumbu mbili

SWALI: Kifungua mimba wangu alizaliwa Julai 7, 1990, ndiyo maana naitwa Mama Saba. Siku hizi nasikia hiyo ni Siku ya Kiswahili. Je, Saba Saba imefutwa? – Mama Saba, Kondele, Kisumu

JIBU: Haijafutwa, mama. UNESCO ilipoitangaza Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, iliikumbuka Julai 7, 1954, siku TANU, chama cha Mwalimu Nyerere, kilipokitangaza Kiswahili kuwa silaha ya kupigania uhuru. Hayo ni ya Tanganyika.

Saba Saba yetu Kenya ni ya mwaka aliozaliwa mwanao. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Siku tatu kabla wakatiwa kizuizini. Watu walikwenda vivyo hivyo, wakapigwa, wengine wakauawa. Jumamosi ile nilikuwa darasa la sita hapa Nakuru. Baba alitufungia ndani, redio sikioni, chai ikapoa mezani. Sijasahau uso wake. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa Desemba 1991.

Mwanao ana haki ya kuzijua zote mbili. Msimulie, na kwa Kiswahili.